Hita inanguruma, mabomba yanagonga: jinsi ya kutafuta chanzo cha kelele za maji moto nyumbani

Kelele inayosikika kwenye hita mara nyingi haitoki kwenye hita. Bomba husafirisha sauti mbali: pampu iliyo chini ya ngazi itavuma ukutani mwa bafu la ghorofa ya pili, na valvu ya boya iliyo kwenye tangi la paani itabisha juu ya chumba cha kulala. Ndivyo watu wanavyonunua elementi mpya (chuma kinachopasha maji) leo, wakabadilisha themostati (kifaa kinachokata stima maji yakipata moto) wiki ijayo, na kelele ikabaki palepale. Kabla ya kulegeza nati hata moja, jibu maswali mawili: sauti inaanza nini kikifanyika, na inakoma nini kikifanyika? Kama ni kunguruma au kugonga, hilo ni swali la tatu.

Mwongozo huu unahusu mifumo iliyozoeleka katika nyumba za Nairobi: hita ya tangi ya lita 50 hadi 100, sola ya paani yenye elementi ya akiba, shawa ya umeme, hita ya gesi, na pampu inayoongeza presha. Boila za kupasha vyumba joto ni chache mno hapa, ingawa karibu kila kinachoharibika kwenye boila kina ndugu yake kwenye mifumo hii.

Sauti za kuzimiwa papo hapo

Swichi ya hita au ya shawa ikitatarika na kukawa na harufu ya plastiki iliyoungua, shusha breka kwenye boksi la stima. Usizime kwa swichi hiyo yenyewe, ndiyo inayoungua. Nyaya zimelegea ndani na zinarusha cheche.

Pampu ikinguruma bila kuzunguka, izime ndani ya sekunde chache. Mota iliyokwama huvuta stima mara kadhaa zaidi ya kawaida, na koili huungua upesi.

Hita ya gesi ikiwaka kwa mlipuko mdogo, "puu!", funga mtungi. Sababu zake ziko mwishoni.

Hita ya tangi ikitokota na mfereji wa maji moto ukitema mvuke, hapo pana hatari kubwa kuliko zote. Nairobi iko takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na maji kwenye sufuria iliyo wazi huchemka karibu nyuzi 94. Lakini ndani ya hita iliyofungwa na inayolishwa na pampu kwa presha ya baa 3, maji hayachemki mpaka yapite nyuzi 140. Yakifika huko, themostati imeganda na kinga yake ya joto imeshindwa pia. Shusha breka, acha maji baridi yakiwa wazi, usifungue mfereji wa moto wala valvu ya usalama kwa mkono, kisha iache ipoe hadi kesho yake. Maji yenye joto hilo yakitoka kwenye presha, sehemu yake hugeuka mvuke mara moja, na mvuke huo huchubua ngozi.

Jaribio la kutenganisha

Vifaa: simu ya kurekodi sauti, bisibisi ndefu yenye mpini wa plastiki, maltimita, geji ya presha ya maji, geji ya tairi, ndoo ya lita 20 na kipande cha mpira wa maji. Fanya jaribio baada ya saa nne usiku, mtaa ukiwa umetulia.

Anza kwa kuwasha hita, mifereji yote ikiwa imefungwa, na usikilize kwa dakika 15. Kisha shusha breka ya hita peke yake. Kelele ikikoma ndani ya dakika mbili tatu, chanzo ni elementi au kitu kinachopashwa joto nayo. Isipokoma, zima pampu. Bado ipo? Funga valvu kuu ya maji yanayoingia kutoka kwenye mita. Ikikoma hapo, tafuta kwenye valvu ya boya ya tangi la paani au la chini. Kwa nyumba nyingi za mgao, maji ya jiji huja usiku wa manane, kwa hiyo kelele ya saa nane usiku ambayo haisikiki mchana kwa kawaida ni tangi linajaa, wala si hita.

Ukizima vyote na sauti iko bado, na wewe unaishi kwenye fleti, ni ya jirani. Bomba kuu linalopanda jengo zima hubeba pampu za watu wote.

Ukishajua ni mfumo upi, tafuta mahali penyewe. Weka ncha ya bisibisi kwenye bomba au kwenye ganda la pampu, nawe uweke sikio kwenye mpini. Sogea nusu mita, sikiliza tena. Sauti itapanda kadiri unavyokaribia. Usiweke bisibisi mahali penye nyaya au kwenye feni inayozunguka.

Kunguruma na kutokota wakati wa kupasha

Hita inaanza kimya, na baada ya dakika chache inavuma kama sufuria ya maji ya ugali inayokaribia kuchemka. Themostati ikikata, "tak", kimya kinarudi. Dalili hiyo ikiandamana na maji kuchelewa kupata moto na vipande vyeupe kwenye chujio la mfereji, elementi imeshika ukoko wa chokaa. Maji yanapenya nyufa za ukoko, yanagusa chuma chenye joto kali, yanageuka viputo vya mvuke. Viputo vikitoka kwenye ukoko vinakutana na maji ya baridi kidogo na kusinyaa kwa kishindo. Viputo maelfu vikisinyaa pamoja ndiyo ngurumo unayosikia. Ukoko ukizidi kuwa mnene, joto la elementi halina pa kwenda, na inapasuka.

Hapa uliza maji yako yanatoka wapi. Maji ya kampuni ya jiji hutoka zaidi kwenye mabwawa ya Ndakaini, Sasumua na Ruiru, yanayolishwa na mito ya Aberdare, na ni maji laini. Nyumba inayotumia hayo tu haishiki ukoko haraka. Maji ya kisima, hasa upande wa Syokimau, Mlolongo na Kitengela ambako wenyeji wenyewe huyaita maji ya chumvi, yanaweza kufunika elementi ndani ya miezi. Kama unatumia maji ya jiji peke yake na hita inanguruma, shuku kwanza mchanga na tope vilivyolala chini ya tangi vikafunika elementi, hasa kama umewahi kununua maji ya boza. Ngurumo ya tope ni nzito na ina vishindo vya hapa na pale. Ya ukoko ni nyembamba na hailegei.

Kazi ya kusafisha ni ile ile kwa vyote viwili:

1. Shusha breka, iwekee tepu ili mtu asiipandishe, na uhakikishe kwa maltimita kwamba hakuna stima kwenye vichwa vya elementi.

2. Funga valvu ya maji baridi ya hita. Fungua mfereji wa moto ulio juu kabisa ili hewa iingie. Wengi husahau hili, halafu wanashangaa maji hayatoki. Unganisha mpira kwenye tundu la kumwagia na uache tangi litoke lote. Maji yawe yamepoa kwanza.

3. Piga picha ya nyaya kabla ya kuzigusa. Zifungue, toa themostati, kisha ulegeze elementi. Nyingine zina uzi mmoja mkubwa. Nyingine zimeshikwa na flenji yenye bolti kadhaa.

4. Changanya gramu 50 za unga wa sitriki asidi, ule unaouzwa kwenye maduka ya vifaa vya keki, kwa kila lita ya maji ya uvuguvugu. Loweka elementi kwenye ndoo ya plastiki kwa saa moja hadi mbili, vichwa vya nyaya vikibaki nje ya maji. Siki nyeupe hufanya kazi pia, ila inahitaji usiku kucha. Ukoko uliobaki uondoe kwa kijiti cha mbao.

5. Elementi ikiloweka, ingiza mkono au kikombe kidogo ndani ya tangi utoe tope. Fungua maji baridi kidogo, suuza, rudia mpaka yatoke safi.

6. Angalia fimbo ya anodi ya magnesi ikiwa ipo. Ikiwa imelika mpaka waya wake wa ndani unaonekana, weka mpya, la sivyo kutu itahamia kwenye tangi.

7. Pima elementi. Kwa stima ya volti 240, ya kilowati 1.5 inatakiwa kusoma karibu omu 38 (omu ni kipimo cha ukinzani wa stima), ya kilowati 2 karibu 29, ya kilowati 3 karibu 19. Halafu pima kati ya kichwa kimoja na ganda la chuma: maltimita isionyeshe njia yoyote. Ikionyesha, elementi inavujisha stima. Itupe hata kama bado inapasha.

8. Weka gasketi mpya. Ile ya zamani imeshakufa hata ikionekana nzima. Kaza bolti kwa kuruka upande kwa upande, kidogo kidogo.

9. Jaza maji mpaka mfereji wa moto utoe mkondo mfululizo bila kutema hewa. Hapo ndipo upandishe breka. Elementi ikiwashwa bila maji huungua kabla hujashuka ngazi.

Kuna mafundi wanaotumia asidi kali ya kusafishia vigae kwa sababu inafanya kazi kwa dakika tano. Inakula shaba na kutoboa ganda la elementi, na ikikutana na dawa ya klorini ya kufulia inatoa gesi yenye sumu. Kataa.

Baada ya hapo, weka themostati kwenye nyuzi 60. Juu ya hapo chokaa huganda kwa kasi zaidi na ngozi ya mtoto huungua kwa sekunde chache. Chini sana ya hapo, bakteria wa lejionela, waletao homa ya mapafu, wanaweza kuzaana ndani ya tangi.

Valvu ya usalama inayodondosha maji wakati hita inapasha haina ubaya wowote. Lita 100 za maji zikitoka nyuzi 20 hadi 60 huongezeka kwa karibu lita moja na nusu, na kama kuna valvu ya kuzuia maji kurudi, ujazo huo hauna mlango mwingine. Ikidondosha muda wote hata hita ikiwa baridi, pima presha. Geji ikisoma zaidi ya baa 5 usiku, presha ndiyo tatizo, na dawa yake ni valvu ya kupunguza presha iliyowekwa kwenye baa 3. Presha ikiwa sawa, kiti cha valvu kina uchafu, badilisha valvu. Usiizibe kwa plagi, hata kwa siku moja.

Tik-tik na kukwaruza ukutani

Sauti hii huja dakika moja au mbili baada ya kufungua maji moto, kamwe si ya baridi, na hurudi bomba likipoa. Bomba linarefuka. PPR ya kawaida, yaani bomba la plastiki linalounganishwa kwa joto, hurefuka milimita 0.15 kwa kila mita kwa kila nyuzi moja: bomba la mita 6 likitoka nyuzi 20 hadi 60 linaongezeka milimita 36. La shaba lenye urefu huo linaongezeka milimita 4 tu. Nyumba nyingi za hivi karibuni zina PPR, tena imezikwa kwenye plasta bila nafasi, kwa hiyo inasukuma na kukwaruza.

Palipo wazi, legeza klipu ili bomba liteleze, na uweke kipande cha sponji au mpira kati ya klipu na bomba. Kwenye ukuta, fungua plasta mahali bomba linapopinda tu. Koni ndipo linaposukuma. Funga sponji kuzunguka koni kabla ya kupiga plasta tena. Ukijenga upya, omba PPR yenye tabaka la nyuzi za glasi, ambayo hurefuka kidogo sana kuliko ile ya kawaida. Sauti yenyewe haina hatari, na mtu anayeweza kuizoea ana haki ya kuiacha.

Du! Unapofunga mfereji

Hii ni nyundo ya maji. Maji yanayokwenda mita moja kwa sekunde ndani ya bomba la chuma, yakizuiwa ghafla, hupandisha presha kwa zaidi ya baa 10 kwa kufumba na kufumbua. PPR hulainisha pigo hilo kidogo kwa sababu inatanuka, lakini viungo vya mabomba na valvu za hita huumia vilevile. Washukiwa ni mfereji wa mkono wa robo mzunguko, mashine ya kufulia, na bomba lisiloshikwa vizuri.

Funga mfereji polepole: kishindo kikipotea, umethibitisha. Halafu pima presha na kuishusha kama imezidi, kisha shika bomba kwa klipu kila nusu mita hadi mita moja karibu na mfereji huo. Mwisho kabisa, weka kizuia nyundo chenye kiwambo nyuma ya mashine ya kufulia. Mafundi wa zamani walisimamisha kipande cha bomba cha futi moja au mbili, kimezibwa juu, kiwe mto wa hewa. Kinafanya kazi, ila hewa huyeyuka ndani ya maji na baada ya muda kipande kinajaa. Kimwage mara moja kwa mwaka kwa kufunga maji na kufungua mfereji wa chini.

Kishindo kikija pampu inapozima, bila mtu kugusa mfereji, ni valvu ya kuzuia maji kurudi. Zile zenye mlango wa bawaba huacha maji yaanze kurudi kabla ya kujifunga. Weka ya springi.

Na mbisho wa haraka, "du-du-du-du", tangi likikaribia kujaa, ni valvu ya boya: mawimbi yanainua na kushusha boya, valvu inafunga na kufungua. Panda, shika boya kwa mkono. Mbisho ukikoma, badilisha mpira wa ndani wa valvu, na kama presha ya kuingia ni kubwa, fungua valvu ya tangi nusu tu.

Kugugumia na kutema baada ya mgao

Tangi likiisha maji, hewa huingia kwenye bomba la moto. Maji yakirudi, hewa inabaki penye nundu, mfereji unagugumia, unatema, halafu maji moto yanakatika kabisa huku baridi yanatoka. Hita nzima inashukiwa bure.

Fungua mifereji yote ya moto nusu, ukianzia ya chini, na uache dakika 10. Isipokubali, sukuma hewa irudi ilikotoka: unganisha mpira kati ya mfereji wa baridi unaolishwa na pampu na mfereji wa moto wa karibu, fungua wa moto kwanza, kisha wa baridi, kwa dakika moja hadi mbili. Hewa itatokea kwenye bomba la pumzi, lile lililo wazi kwa ajili ya kutoa hewa, juu ya paa. Njia hii ni ya mfumo unaoteremka kwa uzito kutoka tangi lililo wazi, wala usiijaribu kwenye hita iliyofungwa yenye presha.

Ikijirudia kila mgao, bomba lina nundu. Kutoka kwenye tangi hadi hita linatakiwa kuteremka mfululizo bila kupanda popote. Kagua juu ya dari, ambako fundi alipitisha bomba juu ya boriti kwa kuona uvivu wa kulizunguka.

Wenye sola ya mirija ya glasi: tangi la sola likikauka mchana wa jua, usilijaze saa sita. Mirija mitupu hupata joto kali sana, na maji baridi huipasua mmoja baada ya mwingine. Ngoja jioni jua lizame, au jaza alfajiri. Na sola ambayo haikutumiwa siku nzima Januari au Februari inaweza kutokota na kutoa mvuke kwenye bomba la pumzi. Bomba hilo likiwa wazi hakuna shida. Likiwa limezibwa na viota au na fundi, tangi linafura.

Pampu

Pampu ndiyo chanzo cha kelele nyingi zaidi kuliko hita, na kila sauti yake ina maana yake.

Kunguruma bila kuzunguka. Zima, ngoja dakika kadhaa, chomoa kapasita (kifaa kinachohifadhi chaji ya kuanzishia mota) na umwage chaji yake kwa kuigusisha balbu ya zamani ya wati 60. Nyuma ya mota, katikati ya feni, mara nyingi kuna mfuo wa bisibisi; zungusha. Ikizunguka kwa urahisi, kapasita imechoka, au stima imeshuka. Pima volti pampu ikijaribu kuwaka. Chini ya 200 mota ndogo hutaabika, na kapasita mpya haitasaidia. Ikiwa volti ziko sawa, nunua kapasita yenye maikrofaradi zile zile zilizoandikwa kwenye ya zamani, volti 450. Usiongeze ukubwa ukidhani pampu itapata nguvu, inapata joto. Shafti ikikataa kuzunguka, impela (gurudumu la ndani linalosukuma maji) imeshikwa na kutu au mchanga. Hutokea sana kwa pampu ndogo za nusu hosipawa zilizokaa miezi bila kutumika, maana nafasi kati ya impela na ganda lake ni ndogo mno.

Mlio wa kokoto zinazozunguka ndani. Maji yanafika kwa pampu pungufu, na mvuke unazaliwa na kusinyaa kwenye impela, jambo linalochimba chuma taratibu. Urefu wa juu wa Nairobi unaongeza tatizo: presha ya hewa ya Mombasa inaweza kusukuma maji hadi mita 10.3 kinadharia, hapa ni kama mita 8.4. Kwa vitendo, usitegemee pampu ivute kutoka zaidi ya mita 5 au 6 chini. Jaribio: pampu ikiwa inafanya kazi, funga polepole valvu ya upande wa kutoa. Sauti ikipungua, tatizo liko upande wa kuvuta. Safisha chujio la valvu ya chini, hakikisha bomba la kuvuta si jembamba kuliko tundu la pampu (kwa nyingi ni inchi moja), punguza koni, na paka povu la sabuni kwenye kila uzi. Mahali linaponyonywa ndipo hewa inapoingia.

Mluzi mkali au mkwaruzo unaoongezeka pampu ikipata joto. Beringi. Nyingi za pampu ndogo hutumia 6201 au 6202, lakini soma namba iliyochongwa kwenye beringi yenyewe kabla ya kwenda dukani. Badilisha zote mbili pamoja na sili ya shafti, kwa sababu mara nyingi sili iliyovuja ndiyo iliyoua beringi. Ukiweka beringi mpya na sili ya zamani, utarudi kwenye kazi hiyo hiyo.

Tak-tak, pampu inawaka na kuzima kila sekunde chache mfereji ukiwa wazi. Tangi la presha limepoteza hewa. Zima pampu, fungua mfereji mpaka maji yaishe, pima hewa kwa geji ya tairi kwenye valvu iliyo kichwani. Inatakiwa iwe chini ya presha ya kuwashia kwa baa 0.2: kama swichi inawasha kwenye baa 1.4, weka hewa 1.2 kwa pampu ya baiskeli. Ukibonyeza valvu hiyo na maji yakatoka, kiwambo cha ndani kimepasuka.

Pampu inayowaka yenyewe kila dakika chache usiku, hakuna anayetumia maji, inafuata uvujaji. Funga valvu iliyo baada ya pampu: ikitulia, uvujaji uko ndani ya nyumba. Tia rangi ya chakula kwenye tangi la choo na usiflashi kwa nusu saa. Rangi ikionekana kwenye bakuli, umeupata uvujaji.

Mtikisiko tu, pampu nzima kiafya: ipandishe juu ya vipande vya mpira, na uunganishe futi moja ya mpira wa presha uliosukwa kabla ya bomba la ukutani.

Shawa ya umeme

Ikikatakata, "tik... tik", na maji yanabadilika moto na baridi, presha ni ndogo na kiwambo chake hakisukumwi sawasawa. Nyingi zinahitaji tangi liwe angalau mita moja juu ya kichwa cha shawa. Mluzi wa juu kwa kawaida ni matundu yaliyoziba. Fungua kichwa, kiloweke kwenye siki. Kwa maji ya kisima cha chumvi, nunua ile iliyotengenezwa kwa maji hayo, yenye elementi iliyofunikwa. Yenye waya wazi huvujishia maji stima.

Mvumo unaotoka kwenye swichi ya ukutani ni jambo jingine kabisa. Shawa ya kilowati 5.4 huvuta karibu ampea 22.5. Iwe na waya wa milimita 4 za mraba au zaidi, laini yake peke yake, breka ya ampea 32, waya wa ardhi uliofungwa kweli, na kinga ya kuvuja kwa stima ya miliampea 30. Ukikuta shawa imeungwa kwenye waya wa soketi, usioge nayo tena mpaka ibadilishwe.

Hita ya gesi inayowaka kwa kishindo

Gesi inajaa kabla cheche haijaishika, kisha inawaka yote mara moja. Anza na betri: zikidhoofika, cheche inachelewa. Badilisha zote pamoja. Kisha angalia mtungi. Ukikaribia kuisha presha inashuka. Tatu, buibui na vumbi kwenye bana (sehemu gesi inapowakia), ambavyo vinasafishwa kwa brashi laini gesi ikiwa imefungwa. Tazama moto: uwe wa buluu na mtulivu. Ukiwa wa manjano au unaacha masizi, hewa haitoshi na kaboni monoksaidi inazalishwa, gesi isiyo na harufu inayoua mtu akiwa anaoga. Hita hiyo haifai kuwa ndani ya bafu, na bomba la moshi lazima litoke nje popote ilipo. Sehemu hii, pamoja na rigileta na mipira ya gesi, mwachie fundi wa gesi.

Ukiita fundi

Mpe rekodi ya sauti, saa inapotokea, kinachoizima, na vipimo vya omu, volti na presha ulivyoandika. Kwa kazi ya stima au ya sola, omba leseni yake ya EPRA, mamlaka ya Kenya inayosimamia nishati na petroli. Akisema kipuri fulani kimekufa, mwombe akuonyeshe kipimo kabla ya kwenda hadiwea, na akimaliza akuachie kile cha zamani.